Namna ya Kumpima Jathum Ufukweni Dunga

Kisa cha Nyamgondho wuod Ombare hakihitaji utangulizi kwa aliyekulia kando ya Ziwa Victoria. Mvuvi maskini wa Gwassi anavuta wavu, na badala ya samaki anaopoa bibi kizee mwenye jicho moja. Anampeleka nyumbani, na zizi linajaa ng'ombe. Mali inampanda kichwani. Usiku mmoja anarudi amelewa, anamtukana yule mama na kumkumbusha alikookotwa. Mama anainuka, anashika njia ya ziwani, na mifugo yote inamfuata majini. Nyamgondho anabaki ameegemea fimbo yake, analia, mpaka anageuka mti.

Kukihadithia ni kazi ya robo saa. Kukiimba kizima kwa nyatiti, kinanda cha nyuzi cha Wajaluo, mbele ya watu, bila kuruka hatua, ni kazi nyingine kabisa, na siku hizi ni nadra. Anayewaita wapiga nyatiti, awe na harusi, hoteli au mkutano wa siasa, huwa anataka vipande. Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza mwaka 1927, limezilinda nyimbo za jadi shuleni kuliko taasisi nyingi, lakini nalo huhesabu dakika, na mtoto anayefundishwa kuimba kwa saa ya mwamuzi hujifunza kumaliza kabla ya kujifunza kuendelea.

Ulaya nako kazi zisizozoeleka husikika kwa nadra. Huko Bregenz, Austria, opera huchezwa juu ya maji ya ziwa tangu mwaka 1946, jukwaa la kwanza likiwa majahazi yaliyotiwa nanga. Jukwaa la ziwani hupewa opera ambazo umma unazijua, nazo zile zisizosikika mara kwa mara huchezwa ndani ya jumba, kama Siberia ya Umberto Giordano ya mwaka 1903 iliyopandishwa jukwaani huko mwaka 2022. Mtu anayekwenda kusikiliza kazi ya namna hiyo hana kumbukumbu ya kuilinganisha nayo. Ndivyo atakavyokuwa atakayepata bahati ya kumsikia Nyamgondho mzima huko Dunga, ufukweni Kisumu. Kwa hiyo ajue mambo ambayo sikio linaweza kuyapima hata mara ya kwanza.

Fika mapema, jathum, yaani mpiga nyatiti, akiwa bado anatia nyuzi sauti. Nyatiti ina nyuzi nane, zamani za mishipa ya ng'ombe, leo nailoni ile ile ya mshipi wa kuvulia, na kila uzi hukazwa kwa kuzungusha kitambaa kilichoviringwa kwenye mti wa juu. Dunga imezungukwa na mafunjo, na hewa ya jioni pale ni ya majimaji. Ngozi iliyowambwa juu ya chombo hulegea, sauti zikashuka. Mpigaji hodari huketi na chombo chake ufukweni kwa muda kabla ya kukaza uzi wa kwanza, ili ngozi izoee hewa. Aliyekaza nyumbani akaja moja kwa moja kuanza, utamsikia akihangaika kabla Nyamgondho hajaingia ziwani.

Tazama pia alivyoketishwa. Waandaaji hupenda kumpa ziwa mgongoni kwa ajili ya picha za machweo, na alasiri uamuzi huo una faida yake, kwa kuwa upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu na kuibeba sauti hadi kwa wasikilizaji. Giza likishaingia upepo hugeuka. Sauti ile ile sasa inachukuliwa kuelekea majini, kwa wavuvi wa omena na taa zao, na walioketi nyuma wanabaki na vipande vya maneno. Mwandaaji anayejua kazi yake huwasogeza watu karibu baada ya saa moja usiku, au humgeuza mpigaji. Asiyejua huongeza spika. Zikiwepo spika, angalia kama kuna maikrofoni ya pili chini, karibu na mguu. Ikiwa ipo moja tu, ya mdomoni, nusu ya muziki imeachwa mchangani.

Maana nusu ya muziki wa nyatiti ni mguu. Jathum huketi juu ya kigoda kifupi, chombo kimelazwa ubavu karibu na ardhi. Kwenye kidole gumba cha mguu huvaa oduong'o, pete nzito ya chuma inayogonga mti wa chombo, na kwenye kifundo hufunga gara, njuga za chuma. Funga macho usikilize mguu peke yake. Vidole vinaweza kucheza vitakavyo na sauti inaweza kukimbia mbele ikiwa na maneno mengi, lakini chuma kisiharakishe. Watu wengi hustaajabia kasi ya vidole; mimi huipa alama chache.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni pakruok. Msikilizaji huinuka, hutoa pesa, husimamisha wimbo na kuanza kujisifu, au kumsifu mpenzi wake, au kijiji cha mama yake. Watu hushangilia, mwingine hujibu, huyu wa tatu naye hataki kupitwa. Kisa kimekatika, pengine pale ambapo mama wa jicho moja ameshaweka mguu nje ya mlango. Jathum afanye nini? Aliye dhaifu hungoja kelele ziishe, halafu huanza ubeti upya, au hurukia wimbo mwingine unaochangamsha zaidi. Aliye hodari hauachi mguu usimame hata mara moja. Huku akimwitikia mwenye kujisifu, anashusha nyuzi mpaka zinabaki chache, analidaka jina la yule mtu na kulitia ndani ya kisa, kisha neno la mwisho la majivuno linakuwa neno la kwanza la ulevi wa Nyamgondho. Kisa kimerudi, na aliyejisifu amejikuta ndani yake. Ukisikia hilo likifanyika mara mbili usiku mmoja, uko mbele ya bingwa.

Ndiyo maana namwomba msikilizaji mpya asije Dunga na rekodi kichwani kama rula. Mwanamuziki Ayub Ogada aliwafikishia nyatiti watu wa dunia nzima kwa albamu yake En Mana Kuoyo ya mwaka 1993, na ni kazi nzuri mno. Lakini studioni hakuna anayekukatiza.

Kama huelewi Dholuo, lugha ya Wajaluo, waangalie wazee. Dholuo ni lugha ya toni, na wimbo ukipanda mahali ambapo neno linashuka, maana hupotea. Utawaona wakiinamisha shingo kutafuta kilichosemwa. Wimbo ukifuata lugha, huguna na kutikisa kichwa kabla ubeti haujaisha.

Mapambo nayapitia haraka. Nyavu zilizotundikwa na mtumbwi ulioburutwa hadi jukwaani havina kazi mahali ambapo ziwa lenyewe lipo hatua chache tu. Mcheza dansi anayeigiza ng'ombe wakiingia majini namkubali kwa sharti moja, kwamba oduong'o ibaki ndiyo kwato zao.

Na ikiwa wewe ndiwe mwandaaji, na ratiba yako ina nusu saa tu, usimwombe jathum afupishe. Mwombe usiku wa matusi peke yake, tangu Nyamgondho anapogonga lango mpaka ng'ombe wa mwisho anapotoka zizini, na nafasi ya pakruok iachwe ndani yake. Mlipe kabla hajaketi, ili pesa za wenye kujisifu ziwe zake juu ya ujira.