Tangi Jipya Chini ya Kiti cha Dereva

Land Rover ya zamani ina sifa ya kutooza, na sifa hiyo ni ya kweli nusu tu. Ilipozinduliwa mwaka 1948, chuma kilikuwa cha mgao Uingereza baada ya vita, kwa hiyo bodi yake ikatengenezwa kwa aluminiamu. Chesisi ilibaki ya chuma, na tangi la mafuta vilevile. Ndiyo maana katika barabara za vumbi za Isingiro na Mbarara, kusini-magharibi mwa Uganda, utakutana na Series III, toleo la mwaka 1971 hadi 1985, milango mizima, mabawa mazima, rangi tu imefifia, na huku chini ya kiti cha mbele kuna tangi ambalo ukilibonyeza kwa bisibisi linapenya.

Gari ninalolichambua ni la namna hiyo: fupi, la inchi 88, injini ya petroli, usukani kulia, tangi la lita 45 hivi chini ya kiti cha dereva. Mwenyewe ni mzee anayelitumia kwenda kwenye migomba yake. Lilifika kwenye gereji ya wazi upande wa Nyamitanga likiwa na lalamiko moja: linazima mlimani, likipumzika kidogo linawaka tena kama halijawahi kuumwa. Fundi aliyelishika alijifunza kazi Kongo mashariki kabla ya kuishi kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, na kazi yake inastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu aliifanya kwa mpangilio ambao gereji nyingi kubwa huuruka.

Gari linalozima likipata moto na kuwaka likipoa humtuma fundi mvivu moja kwa moja kwenye koili. Mara nyingi koili hubadilishwa, gari linarudi barabarani, kisha linazima palepale. Huyu alipanda nalo kilima mpaka likazima, akafungua paipu inayoingia kwenye kabureta, akamwomba msaidizi apige stata. Hakikutoka kitu. Akateremka kwenye pampu, ambayo kwenye injini hii iko ubavuni na ina kikombe cha kioo cha kunasia uchafu. Kikombe kilikuwa na petroli kidogo, na chini yake mashapo ya rangi ya udongo mwekundu. Akachomoa paipu inayotoka tangini, akaipuliza kurudi nyuma mpaka mapovu yakasikika ndani ya tangi. Gari likawaka na kupanda mlima wote, kwa siku hiyo.

Hapo jibu lilikuwa limepatikana. Ndani ya tangi, kwenye ncha ya bomba la kunyonyea, kuna wavu mdogo. Injini ikifanya kazi, pampu huvuta magamba ya kutu na kuyabandika kwenye wavu. Mlimani injini inataka mafuta mengi zaidi, mvuto unaongezeka, wavu unazibika. Injini ikizima mvuto unakwisha, magamba yanaanguka, njia inafunguka. Dereva anadhani gari limepumzika. Kusafisha kabureta katika hali hiyo ni kupoteza siku, maana chanzo cha uchafu kimebaki nyuma na kitaleta mwingine.

Mto wa kiti ulitolewa, kifuniko cha bati kikafunguliwa, na skurubu sita za kifaa cha geji zikafunguliwa. Fundi alimulika ndani kwa tochi ya betri. Ukuta wa juu ulikuwa umejaa kutu kuliko sakafu, jambo linalowashangaza wengi. Sababu ni hewa. Gari lililozoea kulala na mafuta robo tangi huvuta hewa yenye unyevu kila usiku petroli inaposinyaa kwa baridi, na usiku wa Mbarara, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,400, una baridi ya kutosha. Unyevu unakuwa matone kwenye kuta tupu, unateremka, na kwa kuwa maji ni mazito kuliko petroli yanakaa chini kabisa, mahali ambapo nati ya kumwagia mafuta ingeyatoa kama ingefunguliwa mara moja moja. Nati ya gari hili ilikuwa imeshikana kwa kutu. Ilionekana wazi kuwa haijaguswa kwa miaka mingi.

Nje ya tangi, kwenye kona ya nyuma, tundu lilikuwa limezibwa kwa bonge la sabuni ya mche. Dawa hiyo ninaiheshimu. Petroli haiyeyushi sabuni, kwa hiyo ukiisugua kwenye tundu dogo inaziba kweli, na imewafikisha wengi nyumbani. Lakini maji huiyeyusha. Mvua moja ikirusha tope chini ya gari, tundu linafunguka tena.

Mzee alitaka kichomelewe kiraka. Ni ombi la kawaida, na gharama yake ni ndogo. Fundi akamjibu kwa Kiswahili cha kwao: "Mzee, tusichome. Humu munabaki mvuke." Nasimama hapa kwa sababu wapo mafundi wanaokufa kwa kutolielewa jambo hili. Petroli yenyewe ikiwa kimiminika haiwaki. Kinachowaka ni mvuke wake uliochanganyika na hewa, na mchanganyiko ulio hatari ni ule wenye mvuke kati ya asilimia 1.4 na 7.6 hivi. Ndani ya tangi lililojaa, nafasi ya mvuke ni ndogo na hewa ni haba. Tangi lililomwagwa likaonekana tupu ndilo lenye mchanganyiko huo, na hubaki nao hata baada ya siku nyingi, kwa sababu mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hautoki wenyewe kupitia tundu la juu, na kutu inaushikilia na kuuachia polepole. Kuelekeza moshi wa gari jingine ndani ya tangi, kama nilivyowahi kuona kukifanywa, si kinga ya kutegemea. Kuosha kwa maji ya moto na sabuni mara kadhaa, kisha kulijaza maji mpaka karibu na mahali pa kuchomelea, hupunguza hatari, wala hakuiondoi yote. Na hata kama kazi ingefanyika salama, bati lililolika kutoka ndani halishiki moto wa kuchomelea: unaziba tundu moja, joto linafungua mawili pembeni.

Zilibaki njia mbili. Fundi bodi angeweza kukunja tangi jipya kwa bati, na Mbarara wapo wanaoiweza. Tatizo ni kuta za ndani zinazozuia mafuta yasiruke kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Wengi huziacha kwa sababu hazionekani, na gari likiinama kwenye mteremko bomba linanyonya hewa. Ya pili ilikuwa kununua tangi jipya, na kwa Series bado yanatengenezwa. Liliagizwa kupitia muuza spea wa Kampala. Lilipofika, kabla ya kufungua chochote kingine, likawekwa chini ya gari na kulinganishwa na la zamani: upande wa shingo ya kujazia, nafasi ya matundu ya bolti, tundu la geji, kina. Tangi la dizeli linafanana nalo sana ila lina njia ya ziada ya mafuta yanayorudi, na wauzaji huyachanganya.

Kulitoa la zamani ndiyo kazi iliyokula muda. Betri ilitenganishwa kwanza, mafuta yakavutwa kwa mpira kupitia juu kwa kuwa nati ya chini ilikataa. Bolti za gari hili ni za inchi. Ukiingiza spana ya milimita inayokaribiana unakula pembe za kichwa, na ukishazila umebakiwa na msumeno. Petroli chafu ilihifadhiwa kwenye dumu. Hilo nalisifu: mto Rwizi unapita chini hapo, mji unakunywa maji yake, na mto huohuo unakwenda kwenye ardhioevu ya maziwa ya Mburo na Nakivale.

Tangi jipya lilisuuzwa kwa petroli kidogo, kwa sababu huja na mafuta ya kuzuia kutu na vumbi la ghala. Paipu ya kwenda mbele ilipulizwa ikiwa imefunguliwa ncha zote mbili. Kikombe cha pampu kikaoshwa, bakuli la kabureta likafunguliwa, na humo mlikuwa na unga uleule mwekundu. Mpira wa shingo ya kujazia ulibadilishwa pamoja na klipu zake, na njia ya hewa ikajaribiwa kwa kupuliza kwa mdomo. Njia hiyo ikiziba, pampu inavuta, hewa haiingii kuchukua nafasi ya mafuta, na gari linazima mlimani kama zamani. Mwenye gari atasema tangi jipya ni bovu.

Geji ilikataa kupanda. Kifaa chake kilikuwa kimejaribiwa nje kwa kuinua boya kwa mkono na kilikuwa kizima. Kosa lilikuwa rangi: geji hurudisha umeme wake kupitia tangi lenyewe hadi kwenye chesisi, na tangi lililopakwa rangi nzuri pande zote, likikaa kwenye chesisi iliyopakwa pia, halipitishi. Fundi alikwangua rangi chini ya bolti moja mpaka chuma kikang'aa, akafunga, akapaka grisi juu yake. Mshale ukapanda.

Kwanza ziliingizwa lita kumi, na chaki ikasuguliwa kwenye kila mshono na kila kiungo, maana chaki huonyesha unyevu ambao jicho halioni. Kisha likajazwa mpaka shingoni, kwa sababu kiungo cha juu hakiwezi kuvuja mafuta yakiwa chini. Likapanda kilima bila kusita.

Tangi la zamani lilijazwa maji na kukatwa kwa msumeno wa mkono. Kona iliyopakwa sabuni ilikuwa imeliwa pande zote mbili: ndani na maji, nje na tope lililojibana kati ya tangi na chesisi, mahali ambapo maji ya kuoshea gari hayafiki yasipopigwa kwa makusudi kutoka chini. Mzee ameonyeshwa pa kuelekeza mpira wa maji mvua za Machi hadi Mei zikiisha, na zile za Septemba hadi Desemba, na ameambiwa asililaze gari chini ya nusu tangi.