Tabibu, 'homa' ya mgonjwa wa Gede ni ipi?

Mitaala ya matabibu, hawa tuwaitao pia maafisa wa kliniki, inastahiki sifa. Kwa miaka mitatu ya diploma, mwanafunzi wa KMTC, chuo kilichoanza 1927, husoma anatomia, fiziolojia, dawa na namna ya kumhoji mgonjwa. Lakini hebu tuulize: kumhoji kwa lugha gani? Darasani ni Kiingereza, mtihani nao Kiingereza. Kisha anapelekwa Gede, kwa mama asemaye Kigiriama na Kiswahili.

Hapo ndipo ila ya mtaala inapojitokeza. Mama akisema "nina homa", ni joto la mwili, malaria ama mafua? "Mguu" ni paja au unyayo? "Tumbo" ni la chakula au ni mimba? Akitaja maumivu ya "chembe cha moyo", asiyejua istilahi hiyo ataandika moyo, ilhali mama anaonyesha mahali tu, pale chini ya kidari juu ya tumbo.

Wapo watakaodai Kiswahili hakina maneno. Si kweli! Muundi, kinena, kisunzi na kichomi yote yamo kamusini. Kinachokosekana ni somo.

Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Basi somo la kumhoji mgonjwa lifundishwe na kutahiniwa kwa Kiswahili pia. Anayeshindwa kuuliza "homa ipi?" asihesabiwe kuwa amefuzu.