Msanii Asiye na Bwana: Uhai wa Usanii wa Bi Kidude

Imekuwa desturi miongoni mwa wahakiki wa nyimbo zetu kumwita msanii huru kila mwimbaji asiyefungwa na mkataba wa kampuni ya santuri wala uanachama wa kikundi. Desturi hii yataka kuchunguzwa, kwani uhuru unaotajwa hapo ni wa kukanusha tu: waeleza kile ambacho msanii hana, wala hauelezi anaishi kwa nini. Makala haya yanakusudia kulitazama suala hilo kupitia usanii wa Fatuma binti Baraka, aliyejulikana na wengi kwa jina la Bi Kidude, ambaye alifariki Unguja tarehe 17 Aprili 2013. Hoja yetu ni kwamba kudumu kwake jukwaani hakukutokana na kipawa peke yake, wala na bahati ya umri mrefu, bali na mahali alipousimamisha usanii wake katika jamii. Hata hivyo tutaonyesha kuwa msingi uleule uliomdumisha haukumpa milki.

1. Usuli

Hapana budi kuanza na Siti binti Saad. Siti alizaliwa Fumba, kisiwani Unguja, katika miaka ya 1880, akachuuza vyungu kabla ya kuhamia mjini na kuwa mwimbaji. Mwaka 1928 yeye na wenzake walisafirishwa hadi Bombay, ambako sauti zao zilitiwa katika santuri za His Master's Voice. Alifariki mwaka 1950, na Shaaban Robert akamwandikia Wasifu wa Siti binti Saad. Kitabu hicho ni hazina, lakini ni wasifu wa kimaadili. Msomaji anaonyeshwa mtu aliyetoka katika uduni akapanda kwa juhudi na adabu. Uzito umeelemea tabia ya mtu kuliko uchumi wa sanaa yake. Nasi wahakiki tuliokuja baadaye tumeurithi mwelekeo huo: twamsifu msanii kwa subira yake, tukasahau kuuliza ni nini kilichomlazimu kusubiri.

Bi Kidude alikuwa binti wa mchuuzi wa nazi wa Mfagimaringo. Mwaka aliozaliwa haukuandikwa. Wengi waukadiria kuwa karibu na 1910. Alijifunza nyimbo za Siti kwa kuzisikiliza, akazunguka bara akiimba, kisha akarejea Unguja. Sifa za kimataifa zilimjia uzeeni: tuzo ya WOMEX, kwa mfano, alipewa mwaka 2005. Basi suala la msingi ni hili: kwa miongo yote iliyotangulia sifa hizo, usanii wake uliishi kwa chakula gani?

2. Nguzo za uhai

Taarab ya Unguja imejengwa juu ya vikundi. Ikhwani Safaa kilianzishwa mwaka 1905, na Culture Musical Club mwaka 1958. Katika kikundi, ala ni mali ya jamaa, shairi huletwa na mtunzi, muziki hupangwa na mwalimu, na mwimbaji ni kiungo kimoja cha mwili mkubwa. Mpango huu una heri zake: mwimbaji akiugua kikundi hakifi. Lakini una sharti lake pia, kwamba mwimbaji asiyetakiwa na kikundi hana pa kusimama.

Bi Kidude aliimba na vikundi mbalimbali, lakini hakuvitegemea peke yake. Nguzo yake ya kwanza ilikuwa unyago. Katika ngoma hiyo ya kuwafunda wanawali, alikuwa mpigaji na mfunzi. Unyago hauhitaji tangazo wala redio. Wahitaji wasichana wanaokua na mama zao wanaotaka wafundwe, na watu hao wapo katika kila kizazi. Nguzo ya pili ilikuwa kazi za mkono. Alipaka maharusi hina, na alijua dawa za mitishamba. Huenda mhakiki aliyezoea kumtenga msanii na mtu wa kazi akaziona shughuli hizi kuwa za pembeni, ushahidi wa ufukara tu. Hilo ni kosa la kinadharia. Harusi moja ilimhitaji Bi Kidude kwa mkono wake na kwa koo lake pia. Sanaa na riziki zilitoka mlango mmoja, na hadhira iliyomsikiliza usiku ndiyo iliyomwita mchana.

Kwa hiyo uhuru wake haukuwa wa mtu asiyemtegemea yeyote. Alitegemea wengi, kila mmoja kwa kidogo, na kwa sababu hiyo hapakuwa na mmoja aliyeweza kumnyamazisha kwa kuufunga mkono wake. Hii ndiyo maana ya kusema kuwa msanii hana bwana.

3. Fani

Msingi huu wa kijamii unaonekana katika fani yenyewe. Taarab ya vikundi, iliyoathiriwa sana na muziki wa Misri, huthamini sauti laini inayokwenda sambamba na fidla. Sauti ya Bi Kidude ilikuwa nzito na yenye mikwaruzo. Ilikuwa imezoea kushindana na ngoma, na ilipoingia katika taarab haikukubali kulainishwa. Katika "Muhogo wa Jang'ombe", wimbo unaonasibishwa na Siti, mdundo watangulia na maneno yakaufuata. Uzee haukuivunja sauti ya namna hiyo, kwa kuwa uzuri wake haukutegemea wororo wa ujana.

Mfano wa pili ni "Kijiti", wimbo wa Siti unaosimulia mauaji ya mwanamke mgeni na jinsi mahakama ilivyoshindwa kumtia mkononi aliyetuhumiwa. Mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu chake cha mwaka 2001, ameonyesha kuwa wimbo huu ulikuwa hukumu ya wanyonge juu ya mahakama za kikoloni. Bi Kidude aliuimba ukoloni ukiwa umekwisha kuondoka. Hadhira yake haikumjua Kijiti, lakini iliijua dhuluma. Hapa fanani hakuwa chombo cha kuhifadhia tu. Aliuhamisha wimbo kutoka katika tukio hadi katika hali ya kudumu.

4. Milki

Sasa tuingie katika upande mchungu. Nyimbo alizojulikana nazo sana Bi Kidude zilikuwa za urithi, na sheria hulitafuta kwanza jina la mtunzi. Sheria za hakimiliki za Tanzania Bara za mwaka 1999 na za Kenya za mwaka 2001 zinamtambua pia mtendaji, lakini hilo humfaa aliye na mkataba na mtu wa kumdaia. Fanani aliyeishi kwa kuitwa harusini hana karatasi ya kuonyesha. Waliokuja na vinasa sauti na kamera waliikuta sauti iliyokomaa bila gharama yao.

Tulinganishe na "Malaika", uliorekodiwa Nairobi na Fadhili William katika miaka ya mwanzo ya 1960 kwa kampuni ya Equator. Huyu alikuwa na kampuni na santuri. Wimbo ulizunguka dunia katika midomo ya Miriam Makeba na baadaye Boney M, huku mabishano yakiendelea nyumbani iwapo mtunzi ni Fadhili au Adam Salim. Fadhili alifariki mwaka 2001, na faida ya wimbo haikumfikia kwa kadiri ya umaarufu wake. Kwake wimbo uliishi ukamwacha nyuma mwimbaji. Kwa Bi Kidude mwimbaji aliishi, na nyimbo hazikuwa zake. Njia ni mbili, lakini zote zimeishia penye mkono mtupu. Hivyo kampuni si dawa, na kukosa kampuni si uhuru kamili.

5. Hitimisho

Wapo wanaomsifu Bi Kidude kwa kuwa mwimbaji mzee kuliko wote duniani. Sifa hii yahesabu miaka na kuiacha sanaa, tena yatuliwaza: ikiwa uhai wa msanii ni muujiza, hakuna anayedaiwa chochote. Tumejaribu kuonyesha kuwa haukuwa muujiza. Ulikuwa kazi, na kazi hiyo ilikuwa na walaji wake na wenye deni.

Idara zetu ni miongoni mwa wadaiwa. Twatumia nyimbo za mafanani darasani kama mifano ya fasihi simulizi, na mara nyingi twaandika chini yake "wimbo wa jadi", kana kwamba jadi ina koo. Mtafiti anukuupo wimbo, na aandike jina la aliyeuimba, mahali, mwaka na masharti waliyoafikiana. Jambo hilo halitamlisha fanani, lakini litamwachia ushahidi atakaposimama kudai haki yake, au watakaposimama warithi wake.