Nani Mhusika Mkuu: Rono au Saa?

Wahakiki wetu wamezoea kusaka fani na maudhui katika riwaya na tamthilia tu. Masimulizi ya michezo je? Tumchukue Henry Rono, Mkenya aliyesoma Chuo Kikuu cha Washington State, Marekani, na kukimbilia timu yake. Mwaka 1978, kwa siku 81 tu, alivunja rekodi nne za dunia: mita 5,000 kule Berkeley, mita 3,000 kuruka viunzi na maji kule Seattle, mita 10,000 kule Vienna, na mita 3,000 kule Oslo. Si mchezo, jamani!

Lakini tazama kisa hicho kinavyosimuliwa mara nyingi. Mhusika mkuu si Rono, ni saa. Dakika 13 na sekunde 8.4, basi, nukta. Mtu mwenyewe kafanywa mhusika bapa: hana hofu, hana kwao. Kenya ilisusia Olimpiki za 1976 na 1980, kwa hiyo hakukimbia hata moja. Msimulizi anapita hapo kwa sentensi moja. Ulevi uliomwangusha baadaye unadokezwa kama aibu, bila kutafutiwa chanzo.

Ndiyo maana tawasifu yake, Olympic Dream, ina uzito: humo anayesema ni mkimbiaji, si saa. Hata jina lake linauma, kwani ndoto yenyewe haikutimia. Rono alifariki mwaka 2024. Sisi tunaoandika juu ya wanariadha wa vyuo tusiishie kuhesabu mizunguko. Tumfuate mkimbiaji hata baada ya kukata utepe.