Besi Haikimbii: Kumsoma Willie Dixon kwa Vidole

Tukiongelea "Johnny B. Goode", tunaongelea gitaa la Chuck Berry. Sisi wapenda maandishi tunaongeza na mashairi yake: kisa cha kijana wa mashambani Louisiana ambaye kusoma na kuandika kunampiga chenga, lakini gitaa analimudu. Sawa. Ila mimi nina miezi mitatu najifunza besi ya wimbo huo, na naona uhakiki mwingi unaruka sehemu inayokibeba kisa chenyewe.

Besi ile aliipiga Willie Dixon, Chicago, kwenye studio ya Chess, 1958. Siyo gitaa la besi. Ni lile dude la mbao la kusimama, karibu kimo cha mtu. Na Dixon alikuwa mtunzi haswa: "Hoochie Coochie Man", iliyorekodiwa na Muddy Waters 1954, ni yake. Kwa hiyo nyuma ya msimulizi mmoja alisimama msimulizi mwingine, kanyamaza.

Kwenye karatasi besi ya namna hii ni nyepesi hadi inatia uvivu. Baa kumi na mbili (siyo zile za bia), mapigo manne kila baa, noti moja kila pigo: ya kwanza, ya tatu, ya tano, ya sita, halafu unarudi ulikotoka. Shida ni mwendo. Wimbo unakwenda takriban mapigo 168 kwa dakika; mzunguko mzima unaisha kama sekunde 17, na hakuna pa kupumulia. Sisi tuliokulia kwenye rhumba tumezoea besi inayosema neno, ikanyamaza, ikaziachia ngoma zijibu. Hapa ukinyamaza pigo moja umechimba shimo.

Nilianza na 90, nikapanda taratibu. Kwenye 140 kiganja cha kushoto kinawaka moto. Lakini kilichonishangaza siyo maumivu. Kadiri vidole vinavyozoea, ndivyo besi inavyoonekana haina haraka yoyote. Inatembea tu. Haraka yote iko juu: gitaa la Berry linagawa kila pigo sawa kwa sawa, kama mtu anayekata mkate katikati, na maneno anayarusha mfululizo, huku ngoma za Fred Below zikichechemea kidogo. Watu wawili wanahesabu tofauti ndani ya pigo lilelile! Dixon haingilii ugomvi. Analiweka pigo lenyewe chini, nene, basi.

Ndiyo maana siwaelewi wanaoiita besi hii "ya kusindikiza". Bendi nyingi zinazoupiga wimbo huu kwa besi ya umeme hujaza noti mbili kila pigo. Inasisimua, nakubali, na jukwaani watu wanaruka. Lakini besi inakuwa imeshachagua upande, wa gitaa, na ule mvutano unakufa. Maneno yanapita kama tangazo la redio, na yule kijana wa Louisiana humwoni tena.

Mwaka 1977 NASA iliuweka wimbo huu kwenye sahani za dhahabu za Voyager 1 na Voyager 2. Taarifa nyingi husema Chuck Berry amekwenda angani. Dixon naye yumo humo, noti moja kila pigo. Mimi bado nipo kwenye 152.