Vodu, Uchawi na Uganga: Tahakiki ya Tafsiri Moja

Neno voodoo limeingia mitaani mwetu kwa mlango wa filamu. Katika vibanda vya video vya Buguruni, ambamo mfasiri husimulia kwa Kiswahili yale yasemwayo kwa Kiingereza, neno hilo likitokea hufasiriwa kwa pumzi moja: uchawi. Watazamaji huridhika, na hadithi huendelea. Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba tafsiri hiyo ina kasoro, na kwamba kasoro zenyewe haziishii katika kamusi.

Tuanze na asili. Neno hili ni vodun la Wafoni, wenyeji wa kusini ya nchi ambayo zamani ilikuwa ufalme wa Dahomey na leo ni Benin. Jirani zao Waewe husema vodu. Maana yake ni nguvu isiyoonekana inayoabudiwa, iwe ya radi, ya bahari au ya ardhi. Watumwa waliovushwa bahari waliipeleka ibada hiyo Haiti, ikachanganyika na mila za watu wa Kongo na hata na Ukatoliki, ikawa dini yenye makuhani, nyimbo na sikukuu zake. Benin iliitambua rasmi mwaka 1996, na Haiti mwaka 2003. Sura ya kutisha tunayoijua sisi ilienezwa sana katika miaka ambayo majeshi ya Marekani yaliikalia Haiti, 1915 hadi 1934. Filamu White Zombie ya mwaka 1932 ni mfano mmoja. Kwa hiyo mfasiri wa Buguruni hafasiri neno la Wafoni. Afasiri dharau ya mtu wa tatu.

Kasoro ya pili inaligusa neno letu wenyewe. Uchawi katika Kiswahili ni kudhuru kwa siri. Kinyume chake ni uganga, litokanalo na kitenzi kuganga, yaani kutibu, kuunga, kutengeneza kilichoharibika. Shina hilo limeenea katika lugha za Kibantu hadi Kongo, ambako hutamkwa nganga. Wahenga waliposema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo, hawakumwita mchawi. Hata Serikali ilipotafuta cheo cha daktari mkuu wa mkoa, ilimwita Mganga Mkuu wa Mkoa, na wananchi hawakushangaa.

Kiingereza cha wakoloni ndicho kilichowafunga wawili hawa kamba moja, kwa kumbandika mganga jina linalomfanya kuwa tabibu wa kichawi. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928 ilifuata njia hiyo, kwani tafsiri yake ya uchawi ilijumuisha hata kudai kuwa na nguvu au ujuzi wa siri. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 ikaja kumsajili mganga. Basi mtu yule yule aweza kutambuliwa na sheria moja na kutiliwa shaka na nyingine, kwa sababu istilahi haikupambanuliwa.

Wako watakaosema kwamba waganga wengine hupiga ramli na kumtaja jirani kuwa mchawi. Ni kweli, na vikongwe wameuawa Usukumani kwa sababu ya macho mekundu tu, tena ya moshi wa kuni. Lakini tazama jinsi lugha ilivyotenda. Katika upigaji marufuku wa mwaka 2015 lilivuma jina ramli chonganishi. Kivumishi kimoja kimelaani uovu bila kuulaani uganga wote. Hiyo ndiyo kazi ya istilahi njema.

Wengine hupendekeza ushirikina. Neno hili latokana na shirki ya Kiarabu, yaani kumshirikisha Mungu na kingine. Ni hukumu ya dini moja juu ya nyingine. Mahali pake ni katika mawaidha. Kamusi inapaswa kueleza kabla ya kuhukumu.

Je, tuseme nini? Umbo voduni lina tatizo, kwa kuwa msomaji atalidhani ni neno la mahali, kama nyumbani na sokoni. Umbo vodu, lililo hai kwa Waewe, lafuata silabi zetu bila taabu. Tuseme basi dini ya Vodu. Kuhani wake, houngan, tusimwite mganga kwa sababu ya mfanano wa sauti. Jina hilo lina asili ya Kifoni, na tumwite kuhani wa Vodu. Mtu anayepandwa na roho huitwa huko farasi. Pwani yetu ina neno lake, kiti, yaani yule ambaye pepo humkalia. Neno hilo lafaa kueleza, mradi tusidai kwamba pepo wa Uzaramo na roho wa Haiti ni kitu kimoja.

Mfasiri wa kibandani hatalaumiwa kwa kukosa neno ambalo wanalugha hawakumpa. Lakini mwanamke wa Buguruni anayepungiwa pepo kwa ngoma, mchana, mbele ya majirani zake, ana haki ya kutoitwa mchawi. Neno hilo likishatamkwa mtaani, kulirudisha ni vigumu.