Tangi Moja, Mafuta Mawili

Valvu ile haikupaswa kufunguliwa. Nalisema mapema ili tusizungushane. Mlioona purifaya ikifunguliwa pale nangani, bakuli limejaa tope jeusi linalong'ang'ania chuma, mnajua ninachozungumzia. Meli na chifu wake, yaani mhandisi mkuu, siwataji.

Tangi la akiba lilikuwa na mabaki ya mafuta mazito ya bandari iliyotangulia, yenye asfaltini tele. Mapya yaliyokuja yalikuwa ya salfa ndogo, ya aina iliyotapakaa tangu kikomo cha salfa kishushwe kutoka asilimia 3.50 hadi 0.50 tarehe 1 Januari 2020. Haya yalikuwa yamejaa parafini. Sekandi, mhandisi wa pili, aliuliza kama ayapeleke kwenye tangi tupu, na tangi tupu lilikuwepo. Chifu akazitazama karatasi mbili za maabara, akaona mashapo ya kila moja yako chini ya asilimia 0.10, akasema zote zimepita, yaingie humohumo; valvu ikafunguliwa.

Hapo ndipo tulipopotezwa. Karatasi ya maabara inayatolea ushahidi mafuta yakiwa peke yake; yatakaaje na mwenzake, haijui. Na fasili yenyewe ya asfaltini ni onyo, kwa sababu zinatambulika kwa tabia mbili: katika toluini zinayeyuka, katika heptani zinashuka chini. Heptani ni parafini. Maabara ikitaka kuzitoa asfaltini kwenye mafuta ghafi huyamwagia heptani kwa wingi na kungoja zitue. Chifu alilifanya jaribio hilo ndani ya tangi zima, meli ikiwa na shehena, na sekandi aliyeuliza swali sahihi akanyamazishwa kwa karatasi.

Molekuli ya asfaltini si jitu. Uzito wake ni kama 750, kibapa cha pete za kaboni chenye mikia pembeni. Vibapa hupenda kulaliana. Katika mfano alioupanga Oliver Mullins mwaka 2010, kama sita hulaliana wakawa kifungu cha nanomita 2 hivi, mikia ikitazama nje. Vifungu kama vinane hukusanyika wakawa kishada cha nanomita 5. Mikia ndiyo inayovizuia vingine visisogee, na vishada hubaki vikielea miaka na miaka, maadamu vimezungukwa na aromatiki na rezini. Parafini ikizidi, mikia haitoshi tena. Kishada hushika kishada, mpaka kinachoelea kinakuwa tope.

Na jambo moja sijalisahau. Sisi tulisomeshwa kwamba molekuli hiyo ina uzito wa maelfu kwa maelfu, kwa kuwa waliopima walikipima kishada wakakiita molekuli. Ilichukua miongo kulisahihisha kosa hilo. Nellensteyn wa Uholanzi, miaka ya 1920, bila darubini hata moja ya kisasa, alikwisha kuona kwamba lami ni chembe zinazoelea kwa hisani ya kinachozizunguka; Pfeiffer na Saal wakalikamilisha wazo mwaka 1940. Nipeni mtu mmoja wa fikra hiyo kwenye chumba cha mashine, mkachukue vioo vyote vya kompyuta.

Wapo waliomtetea chifu wakisema asfaltini hazikuwa nyingi. Mafuta ya Boscán, Venezuela, yana kama asilimia 17 na visima vyake havikusumbuliwa nazo. Ya Hassi Messaoud, Algeria, hayafiki hata asilimia 1, na visima vilizibwa vibaya, kwa sababu mafuta yenyewe ni mepesi mno kuzibeba. Wingi hausemi kitu. Uliza zimekaa ndani ya nini.

Mafuta hayo yaliposhindikana, vijana walihamia dizeli kwa utaratibu na injini haikuzima; kazi safi.

Lakini kabla ya hapo, tope lilipoanza, amri iliyotoka ni kupandisha joto la tangi, kana kwamba ni nta. Ugonjwa huu wa kuiona nta kila mahali nimeupigia kelele kwa muda mrefu. Tumeukuza sisi wenyewe, maana mafuta ya Uganda ni ya nta kweli, ndiyo sababu bomba la kilomita 1,443 hadi Tanga limebuniwa kupashwa joto njia nzima. Nta ukiipasha huyeyuka. Asfaltini zilizokwisha kushikana hazirudi kwa joto la tangi, na kila saa waliyongoja zirudi, chujio jingine lilikuwa linaziba.

Baadaye niliomba chupa mbili za sampuli, ya zamani na mpya. Nikachanganya nusu kwa nusu, nikapasha moto, nikatikisa, nikadondosha tone moja kwenye karatasi ya chujio na kuiweka ndani ya tanuri kwa nyuzi 100. Tone la mafuta yanayopatana hukauka likiwa na rangi ya kahawia iliyo sawa hadi ukingoni. Hili, baada ya saa moja, lilikuwa na duara nene jeusi katikati, na pembezoni karatasi karibu nyeupe. Karatasi za aina hiyo zilikuwa kwenye droo ya meli, pakiti haijafunguliwa.